Homa imeshuka, vipele vimetoka: ni surua, ni dawa, au ni nini?

"Daktari, mwanangu ana miezi 13. Tunaishi Nyalenda, Kisumu. Ijumaa alianza kuchemka mwili ghafla, bila kikohozi wala kuhara. Jumamosi usiku alishikwa na degedege: macho yaligeuka juu, mikono na miguu ikatikisika, labda dakika mbili, kisha akalala. Tulikimbia naye kituo cha afya, akapimwa malaria, hakuna. Tukapewa Panadol ya maji. Jumapili alikuwa bado na nyuzi 39.6, baba yake akanunua amoksilini kwenye duka la dawa. Jumanne aliamka hana joto kabisa, lakini mchana tukaona vipele vidogo kifuani, mgongoni na shingoni. Jirani anasema ni surua, ingawa alichanjwa akiwa na miezi 9. Mama mkwe anasema asiogeshwe, na apakwe busaa ili vipele vitoke vyote. Dada yangu anasema ni amoksilini imemkataa, nisimpe tena maishani. Sasa anacheza na anakula vizuri. Kaka yake wa miaka 5 ana selimundu na wanalala kitanda kimoja. Huu ni ugonjwa gani? Degedege litarudi? Na huyu mkubwa ataambukizwa?"

Mama, umeniandikia siku kwa siku, na mpangilio huo unanisaidia kuliko hata picha ya vipele ingenisaidia. Joto kali la ghafla kwa siku tatu au nne, mtoto hana mafua ya maana, joto likakatika mara moja, kisha ndani ya saa chache vipele vikatokea kiwiliwilini wakati mtoto tayari ameanza kucheza: huo ni mwendo wa ugonjwa unaoitwa roseola. Siwezi kumpima mtoto kupitia maandishi, na nitakuomba umpeleke akaonwe kwa sababu nitakazozieleza. Lakini kwa hadithi uliyonipa, hilo ndilo jina ninaloliweka mbele.

Roseola huletwa hasa na kirusi kiitwacho HHV-6B, cha jamii ya herpesi. Jina hilo lisikutishe, kirusi cha tetekuwanga nacho ni cha ukoo huohuo. Daktari John Zahorsky wa St. Louis, Marekani, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1910, lakini kilichokuwa kikiusababisha hakikujulikana hadi 1988, Koichi Yamanishi na wenzake huko Japani walipokikuta kirusi hiki katika damu ya watoto waliokuwa wakiugua. Mtoto huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama yake. Zikipungua, karibu na mwezi wa sita, mlango unakuwa wazi, na kufikia umri wa miaka 2 karibu kila mtoto amekwisha kuambukizwa. Wengi wao hawatoi vipele kabisa. Hupata joto la siku chache tu, na hapa kwetu joto hilo huishia kuandikwa malaria, au taifodi kwa sababu ya kipimo kimoja cha Widal, kipimo ambacho mimi binafsi nisingekitegemea kumtibu mtoto hata siku moja.

Kirusi hiki hupitia kwenye mate. Mtu mzima aliyeambukizwa utotoni hubaki nacho mwilini maisha yake yote, kimelala, na mara kwa mara kidogo hutoka kwenye mate yake bila yeye kuumwa chochote. Kwa hiyo usihangaike kumtafuta mgonjwa aliyemletea mwanao. Yaelekea ni mtu mzima wa nyumbani, mzima wa afya, aliyembusu au kumwonjea uji. Nyanya asilaumiwe, na asizuiwe kumbeba mjukuu.

Kikishaingia, kirusi huzaliana ndani ya chembe nyeupe za damu. Mwili unapokigundua hutoa kemikali zinazoiamuru sehemu ya ubongo inayosimamia joto ipandishe kiwango, na ndiyo maana mwanao alifika nyuzi 39.6 bila malaria. Kati ya siku ya tatu na ya tano kinga inakuwa imeshapata nguvu, virusi vinapungua damuni, joto linakatika, na hapo ndipo vipele hujitokeza. Vipele ulivyoviona Jumanne vimekuja ugonjwa ukiwa unaondoka. Kwa kawaida hufifia ndani ya siku moja hadi tatu, haviwashi sana, haviachi makovu wala ngozi haibambuki.

Kuvitambua kwenye ngozi yetu kunahitaji jicho, kwa sababu picha nyingi za vitabuni ni za watoto weupe wenye madoa ya waridi. Mvue mwanao shati, msimamishe karibu na dirisha mwanga umpige kutoka ubavuni, halafu pitisha kiganja polepole mgongoni. Utahisi vijivimbe vya milimita mbili hadi tano, vyenye rangi ya ngozi yenyewe au vyeusi zaidi kidogo. Mpapase kisogoni na nyuma ya masikio, huenda ukakuta tezi ndogo zinazoteleza chini ya kidole. Kope zinaweza kuwa zimevimba kidogo. Na akipanua mdomo kulia, tazama kule nyuma kwenye kile kinyama kinachoning'inia kooni: watoto wengine wa roseola huwa na vidoa vyekundu kwenye shina lake.

Sasa jirani na surua yake. Mpangilio wa surua ni kinyume cha huu. Surua, au ukambi, huanza na joto pamoja na kikohozi kikavu, mafua na macho mekundu yanayotoa machozi, na mtoto huwa mnyonge, hataki mwanga, hataki kuguswa. Hayo huchukua siku mbili hadi nne. Ndani ya mashavu, mkabala na magego, hutokea vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, ambavyo Henry Koplik wa New York alivieleza mwaka 1896. Ndipo upele huanzia nyuma ya masikio na kwenye ukingo wa nywele, hushuka usoni, kisha kifuani, hadi miguuni. Upele ukitoka, joto huwa palepale au hupanda zaidi. Mwenye surua siku ya kwanza ya vipele hachezi. Wako anacheza, na vipele vyake vimeanzia kifuani.

Hata hivyo jirani yako hakuropoka. Dozi ya surua na rubela ya miezi 9 huwakinga watoto wapatao 85 kati ya 100, kwa kuwa wengine bado wana mabaki ya kingamwili za mama yanayoizima chanjo kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana kitabu cha kliniki kina dozi ya pili ya miezi 18, na mwanao anaihitaji hata kama haya yote yatathibitika kuwa roseola. Kupona roseola hakumkingi na surua. Nasisitiza kwa sababu nawaona akina mama wengi wanaoikamilisha miezi 9 vizuri kisha kliniki wanaisahau, mtoto akiwa ameanza kutembea na haonekani kuwa na shida yoyote.

Ukimkuta na kikohozi, macho mekundu au joto lililorudi pamoja na vipele, mpeleke kituoni leo hii na umweleze muuguzi mlangoni kwamba unashuku surua, ili asikae kwenye benchi moja na watoto wachanga. Kirusi cha surua hubaki hewani ndani ya chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Atatolewa damu ya kuthibitisha, na atapewa vitamini A ya matibabu: yuniti 200,000 kwa mtoto aliyetimiza mwaka, leo na kesho. Hiyo hulinda macho na hupunguza vifo. Matone ya vitamini A ya kampeni ya Malezi Bora ya Mei na Novemba ni ya kukinga, hayachukui nafasi ya dozi hizo.

Hapo ndipo ninapomjia mama mkwe, kwa heshima. Wazo la kwamba ugonjwa usipotoka nje utamwua mtoto kwa ndani lina chembe ya ukweli iliyoonwa na wazee wetu kwa macho. Upele wa surua hutokana na chembe za kinga zinaposhambulia sehemu za ngozi zilizoambukizwa. Mtoto ambaye kinga yake imedhoofika sana anaweza kuugua surua kali bila upele, na watoto wa namna hiyo hufa kwa wingi zaidi. Wazee waliona watoto wasiotoa vipele wakizikwa, wakahitimisha kwamba vipele ndivyo vinavyoponya. Lakini vipele ni matokeo ya kinga kufanya kazi, na hakuna kitu cha kupaka juu ya ngozi kinachoweza kuifanya kinga hiyo ifanye kazi zaidi. Busaa ina kileo. Mtoto wa kilo 9 au 10 akikilamba, sukari ya damu inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu au akashikwa na degedege jingine, na chang'aa ni hatari maradufu. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu kama kawaida. Mpe maziwa, uji, samaki, chochote anachokula. Ukihitaji maneno ya kumwambia mama mkwe, mwambie daktari amesema vipele vimeshatoka vyote, maana ni kweli.

Degedege lilikuogopesha kuliko vyote, na mzazi yeyote angeogopa. Kati ya watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, wawili hadi watano katika kila 100 hupata degedege la homa, na HHV-6B ni miongoni mwa virusi vinavyolileta sana katika umri wa mwanao. La kwake, kama ulivyolieleza, ni la aina nyepesi: mwili mzima, chini ya dakika 15, mara moja tu ndani ya saa 24, kisha akazinduka vizuri. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu atapata jingine siku nyingine akiwa na homa. Uwezekano wa kuja kuwa na kifafa ni mdogo, juu kidogo tu ya ule wa watoto wengine. Degedege fupi la namna hii haliharibu akili.

Jambo ambalo wazazi hulipokea kwa ugumu ni kwamba Panadol haizuii degedege. Mpe kwa sababu joto linamsumbua na hanywi vizuri, lakini usikae macho usiku kucha ukimpa dozi juu ya dozi. Kwa mtoto wa kilo 10, mililita 5 za ile ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5 zinatosha, kila baada ya saa 6. Soma lebo ya chupa, kwani ya matone ya watoto wachanga ina dawa nyingi zaidi katika kila mililita, na watu hupima hiyo kwa kijiko cha ile nyingine. Aspirini asipewe kabisa. Degedege likirudi, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, tazama saa. Usiweke kijiko wala kidole mdomoni, usimnusishe kitunguu wala mafuta ya taa, usimmwagie maji. Likipita dakika 5, ni safari ya hospitali hata kama ni saa tisa za usiku.

Mlifanya vyema kukimbia naye kituoni. Kandokando ya ziwa hatuna ruhusa ya kudhani kwamba degedege ni la homa ya kawaida kabla ya kupima malaria. Kipimo kikionyesha hakuna na homa ikaendelea hadi kesho yake, rudi kirudiwe. Na kama siku moja kitaonyesha ipo, mtoto hutibiwa malaria hata kama roseola nayo ipo, maana vyote viwili vinaweza kukutana kwa mtoto mmoja.

Kuna swali hukuniuliza, nami nalitaka mbele ya mengine yote: je, mtoto huyu mdogo amepimwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Kaka yake anao, hivyo yaelekea ninyi wazazi wote wawili mna chembe ya kuurithisha, na kila mtoto mnayemzaa ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa nao. Miezi 13 ya kula na kukua vizuri haithibitishi kwamba hana. Mwenye selimundu, wengu wake huharibika mapema, na wengu ndio unaochuja bakteria hatari kwenye damu, hasa nimokoka. Kwa mtoto huyo joto la nyuzi 38.5 au zaidi ni dharura ya siku hiyohiyo, na halingojewi hadi vipele vitokee. Nenda naye wiki hii. Vituo vingi vya Kisumu vitakuelekeza, na hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia, wanapima.

Jibu langu kuhusu amoksilini limefungamana na kipimo hicho. Amoksilini haiui virusi. Kama aliyemwona hakukuta sikio linalouma wala nimonia, na mtoto hana selimundu, hakuna sababu ya kuimaliza chupa, ingawa ningependa tabibu akimwangalia ndiye akwambie acha. Kuhusu kwamba "imemkataa", sidhani. Mzio wa hatari huja ndani ya dakika hadi saa chache baada ya dozi: mabaka yaliyovimba na kuwasha yanayohama mahali, midomo na macho kufura, kupumua kwa shida, kutapika. Hayo ukiyaona ni kukimbia. Vipele vya dawa vinavyochelewa huja zaidi kati ya siku ya tano na ya kumi, na mara nyingi huwasha. Vya mwanao vimekuja siku ya tatu ya dawa, saa chache baada ya joto kukatika, na hapo roseola inatosha kuvieleza.

Amoksilini ni ya jamii ya penisilini, kwa hiyo usikubali kirahisi mtu aandike "mzio wa penisilini" kwa kalamu nyekundu kwenye kitabu chake. Watu wengi walioandikwa hivyo utotoni, wakipimwa na wataalamu, zaidi ya tisa kati ya kumi huonekana hawana mzio wowote. Kwa familia yenu maneno hayo yana uzito wa pekee: mtoto wa selimundu hupewa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku hadi angalau miaka 5, na ndiyo inayomwepusha na maambukizi ya damu. Kama huyu mdogo atakutwa nao, kumnyima dawa hiyo kwa sababu ya vipele vya roseola kungekuwa hasara kubwa.

Kabla ya siku ya kipimo, mrudishe hospitali mara moja akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akilegea au kuwa mgumu kuamka, utosi ukivimba akiwa ametulia, shingo ikikakamaa, akipumua kwa kasi au mbavu zikiingia ndani, au joto likirudi baada ya siku nzima bila joto. Na tazama vipele visivyofifia ukivigandamiza kwa glasi safi, hasa kwenye viganja, nyayo na ndani ya kope ambako ngozi ni nyepesi. Hivyo vinaweza kuwa damu chini ya ngozi. Wakimhofia homa ya uti wa mgongo watataka kutoa maji mgongoni. Najua yanayosemwa mtaani kuhusu sindano hiyo, kwamba hupoozesha. Huchomwa chini ya mahali uti unapoishia. Kubali.

Nimalizie na kaka yake. Kwa roseola sina wasiwasi naye, maana akiwa na miaka 5 karibu kwa hakika alishaipata zamani. Ninachotaka kuwa na uhakika nacho ni kwamba mdogo hana kirusi kingine kiitwacho parvo B19. Hicho huleta homa ndogo, kisha mashavu yanayowaka na upele wa mikono unaojichora mithili ya wavu. Kwenye ngozi nyeusi mashavu hayo huonekana kwa shida, joto la mguso ndilo hukuonyesha. Dalili za mwanao hazifanani na hizo, ila hatari kwa mkubwa ni kubwa kiasi kwamba nakuomba umwangalie kwa wiki tatu zijazo.

Parvo B19 huingia kwenye uboho wa mifupa na kuua chembe zinazokua kuwa chembe nyekundu za damu. Kwa siku saba hadi kumi, uzalishaji husimama. Mtu mwingine hatagundua, kwa sababu chembe zake nyekundu huishi kama siku 120. Za mtoto wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, kwa hiyo akiba huisha na damu hushuka kwa kasi. Kila jioni geuza kope lake la chini na utazame rangi, kisha viganja. Akipauka kuliko kawaida yake, akichoka kwa kutembea kidogo, akihema, moyo ukimwenda mbio, au akipata homa yoyote, mpeleke siku hiyo apimwe kiwango cha damu, na uwaambie pia kwamba mdogo wake alitoka vipele juzi. Huenda akahitaji kuongezewa damu, na wakiwahi, uboho huanza kazi tena wenyewe. Asiache asidi ya foliki wala penisilini yake. Wanaweza kuendelea kulala pamoja, ila mpe kila mmoja kikombe chake.